Fungate Unguja: Ukumbi Mnaupangia Miezi Sita, Bahari Mnaikuta Haipo

Kuna bango linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Maharusi wamekaa juu ya fungu la mchanga, nyuma yao maji ya buluu, juu yao maandishi ya rangi ya dhahabu: fungate ya ndoto, Unguja, siku nne. Chini ndiyo ratiba. Siku ya kwanza fungu la mchanga, kuondoka saa 3 asubuhi. Siku ya pili kisiwa cha Mnemba, kuondoka saa 3 asubuhi. Siku ya tatu kayaki kwenye mikoko, saa 3 asubuhi. Siku ya nne pomboo Kizimkazi, na hapo kwa huruma wameandika saa 12 asubuhi. Tarehe hakuna. Ratiba ni hiyo hiyo mwaka mzima, mwezi mwandamo au mpevu, upepo wa kusi au wa kaskazi, kana kwamba Bahari ya Hindi inafungua milango saa 3 kama benki.

Na watu wanalipa! Watu wale wale waliokalia vikao vya kamati ya harusi miezi sita, wakabishana mpaka usiku kuhusu rangi ya vitambaa vya viti na idadi ya kreti za soda, likija suala la bahari wanatuma pesa bila swali hata moja. Kisha wanafika Paje saa 4 asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu, na maji yako kule, zaidi ya kilomita moja, mstari mweupe unaopasuka kwenye mwamba. Mbele yao matope, majani na kina mama wa mwani wakiendelea na kazi zao. Bwana harusi anauliza mapokezi kama maji yameharibika. Jioni anaandika mtandaoni kwamba ufukwe ni mbaya.

Ufukwe hauna ubaya wowote. Amekuja saa isiyo yake, na aliyemuuzia safari alijua au alipaswa kujua.

Tuanze na yale ambayo mvuvi yeyote wa Jambiani anayajua bila kufungua simu. Maji yanapwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa wastani wa dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: tofauti kati ya kujaa na kupwa inafika karibu mita 4, na bamvua kubwa kuliko zote huja kuelekea Machi na Septemba. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti inashuka mpaka mita moja hivi.

Sasa lile ambalo bango haliwezi kukuambia, kwa sababu likikuambia halitauzika mwaka mzima. Bamvua ya Unguja ina saa zake. Siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 6 asubuhi, na hujaa kabisa kati ya saa 10 na saa 12 jioni. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, mambo yanageuka: asubuhi hiyo hiyo maji yamejaa, na yanapwa jioni. Kwa hiyo ukijua tarehe ya mwezi mwandamo, unakisia saa ya maji ukiwa bado Mwanza au Nakuru. Mwezi mosi au kumi na tano, kupwa ni kama saa 4 asubuhi. Ongeza dakika 50 kwa kila siku inayopita, na mwezi tano utaikuta kupwa saa 7 mchana au zaidi kidogo. Ni makadirio tu. Saa kamili mtaipata kwenye jedwali la maji, na programu za bure za simu zinalo. Chagueni bandari ya Zanzibar, msichague Mombasa, na hakikisheni saa inayosomeka ni ya Afrika Mashariki.

Kwa hesabu hiyo, "saa 3 asubuhi kila siku" maana yake nini? Kwenye bamvua, maji yanakimbia kutoka. Ni saa nzuri ya fungu la mchanga na ya kutembea mwambani. Kwa kayaki ni balaa, kwa sababu mtafika kwenye mikoko mkute mizizi imesimama juu ya tope na mwongozaji anasukuma chombo kwa miguu. Kwenye maji mafu, saa 3 hiyo hiyo maji yanaingia, kuogelea raha tupu mbele ya hoteli, lakini fungu la mchanga mlilolipia linazidi kuwa dogo kadiri mnavyolikaribia.

Yako mafungu, kama lile la Nakupenda mbele ya Mji Mkongwe, ambayo maji yakijaa hayapo kabisa. Na hapa ndipo utani unapoisha, kwa sababu maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Chukua bamvua ya mita 3.6. Saa ya kwanza baada ya kupwa yanapanda sentimita 30 tu, na wapenzi wanapiga picha wakisema bado sana. Saa ya pili sentimita 60. Saa ya tatu sentimita 90, saa ya nne 90 nyingine. Nusu ya maji yote inaingia kwenye saa hizo mbili za katikati. Kisha 60, kisha 30. Anayekadiria kwa kuangalia saa ya kwanza ataiona ya tatu kama muujiza, na mwavuli, tikiti maji na viatu vimeshaanza kuelea.

Kutembea mwambani, pale Jambiani au Bwejuu, kuna mtego wa pili. Mtu anadhani maji yatamfuata kutoka baharini, mbele yake, ayaone. Hapana. Kati ya mwamba na ufukwe kuna sehemu za chini zaidi, mifereji, na hizo hujaa mapema wakati mwambani mnakosimama bado ni kukavu. Mkigeuka, njia mliyojia ina maji ya kiunoni na mkondo unaovuta pembeni. Kanuni ni rahisi: fuateni maji yanapotoka, anzeni kama saa moja na nusu au mbili kabla ya kupwa, na dakika ya kupwa yenyewe ndiyo dakika ya kugeuka. Msisubiri maji yaguse vidole. Nendeni na mtu wa kijiji, mmlipe, kwa sababu yeye anajua mfereji uko wapi na nyinyi hamjui.

Miguuni vaeni viatu vilivyofunga, vya soli ngumu. Kandambili zinabaki kwenye tope, na vile viumbe vyeusi vya miiba mirefu vinavyokaa kwenye mashimo ya mwamba vinapita kwenye mpira kama hamna kitu. Mwiba ukiingia msiukamue wala kuuchokonoa na pini, maana unavunjikia ndani. Siki inasaidia kuulainisha, na watu wa pwani hupaka utomvu wa papai bichi. Maumivu makali yanayopanda mguu mzima ni habari nyingine, pengine ni samaki wa jiwe: tumbukizeni mguu kwenye maji ya moto, moto wa kuvumilika bila kuunguza, nyuzi 45 hivi, kwa dakika 30 hadi 90, huku mkitafuta gari la kwenda hospitali. Asiyeumia ndiye apime joto kwa mkono wake. Aliyeumia hawezi kupima, maumivu yamemshinda.

Kwenye mashamba ya mwani, pitieni pembeni. Zile kamba zilizofungwa kwenye vijiti ni kipato cha mtu. Kilimo hiki kimekuwapo upande huu wa mashariki tangu 1989, hakikuja kupamba picha zenu. Na viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota, muviache majini. Kumwinua mnyama yule, kumweka kwenye tumbo la bibi harusi apigwe picha kumi na kumrudisha kichwa chini, ni ukatili unaofanywa na watu wanaotabasamu.

Nimetaja kayaki. Michamvi Kae, upande wa rasi unaotazama magharibi, mikoko inapendeza maji yakiwa yamejaa, na jua mnalitazama likizama majini ingawa mko mashariki ya kisiwa. Rudini kwenye hesabu: bamvua, kujaa kati ya saa 10 na 12 jioni. Yaani siku hizo hizo za mwezi mpevu zinazoharibu ratiba ya bango zinawapa mwambani asubuhi, usingizi mchana, mikoko jioni na mwezi usiku. Ingieni kayaki saa moja na nusu kabla ya maji kujaa, muende ndani mkisukumwa na maji, mrudi yanapoanza kutoka. Mkiingia yakishaanza kutoka mtapiga kasia dhidi yake mkienda, na mkichelewa kurudi mtakwama. Kwenye kayaki ya watu wawili mzito akae nyuma, na wa mbele ndiye apange mwendo wa kasia. Ndoa nyingi changa zimeonja ugomvi wa kwanza kwa kupuuza hili.

Mnemba ni kinyume chake: itafutieni maji mafu. Kisiwa chenyewe kina hoteli ya binafsi, hamtashuka. Mnaogelea kutoka kwenye boti, pembeni ya mwamba. Kwenye bamvua, katikati ya kupwa na kujaa, mkondo una nguvu na mgeni anapiga miguu bila kusogea. Maji yakiwa yanaingia, yanaleta maji safi ya bahari kuu na samaki mnawaona. Yakitoka yanabeba mchanga na uchafu wa ndani. Saa moja kabla ya kujaa mpaka kujaa kwenyewe ndiyo saa ya kulipia. Boti thelathini zikiwa zimeshafika, hilo ni tatizo jingine, ombeni kuondoka mapema.

Miwani ya kuzamia mjaribu ufukweni. Bandika usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, achia mkono. Ikidondoka, omba nyingine. Masharubu huvujisha, na nywele moja ya rasta ikipita chini ya mpira huvujisha vilevile, kwa hiyo fungeni nywele zote nyuma kwanza. Wigi liacheni hotelini, kwa heshima yake.

Halafu jambo ambalo wapenzi wa kwetu hawalisemi mpaka boti imefika: mmoja hajui kuogelea. Aibu ya nini? Semeni wakati wa kulipia. Asiyejua avae jaketi la kujiokolea na mikanda ifungwe yote, pamoja na ule wa kati ya mapaja kama upo, maana jaketi lisilo na mkanda huo linapanda masikioni na mwili unabaki chini. Ajizoeze kupumua kwa mrija kwenye maji ya kifuani dakika kumi kabla ya kwenda kwenye kina. Aingie kwa ngazi, asirukie. Ashike boya la mviringo lenye kamba na mwongozaji alivute. Na anayejua kuogelea asiondoke na kamera kumfuata kasa akimwacha mwenzake anameza maji. Shikaneni mikono, ndiyo fungate yenyewe.

Upepo nao una zamu zake. Kusi, Juni hadi Septemba, upande wa mashariki unachafuka na wale wa kite wa Paje, wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara, ndio wanaofurahi. Kaskazi, kuanzia Desemba, mawimbi yanahamia Nungwi na Matemwe. Tangambili, katikati ya pepo hizo mbili, bahari inatulia. Aprili na Mei kuna mvua ya masika na bei zinashuka, kwa nini zisishuke.

Nikubali, kwa shingo upande, kwamba bango lina watu wake. Anayelala Nungwi au Kendwa anaogelea karibu saa yoyote, kwa hiyo jedwali la maji halimhusu sana. Mwenye siku mbili tu na bajeti ya kubana hana nafasi ya kuchagua mwezi. Jozani haijali maji wala mwezi; nendeni asubuhi, kima punju wapigwe picha kwa mbali, msiwape chakula. Kobe wa kisiwa cha Changuu, ambao wazee wao waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, hawana haraka na mtu. Kama ni hayo tu, lipeni, furahini.

Wengine wote, kabla ya kutuma pesa, mwulizeni muuzaji swali moja: "Tarehe hiyo maji yanapwa saa ngapi?" Akijibu papo hapo, au akisema ngoja niangalie akarudi na saa, huyo ana nahodha anayemsikiliza, na kuhamisha safari kutoka saa 3 mpaka saa 8 hakutamgharimu kitu. Akisema "msijali, bahari ipo tu", tafuteni mwingine.

Na pomboo wa Kizimkazi: mwambieni nahodha kabla hamjapanda kwamba boti ikifuata kundi moja na wenyewe wakazama na kubadili njia, inatosha, mnarudi. Msikubali kuruka majini katikati ya boti nane zinazowakatia njia. Semeni nchi kavu, mbele ya malipo, kwa sababu kule katikati, injini zinanguruma na kila nahodha anashindana na mwenzake, hakuna atakayewasikia.