Picha Yangu Si Kubwa, Ninyi Ndio Wavivu

"Faili ni kubwa mno. Mwisho ni MB 2." Hayo ndiyo majibu niliyopewa juzi na tovuti moja ya wapenzi wa Saintpaulia, lile ua dogo la chunguni ambalo Wazungu huliita African violet, tena baada ya kile kimstari cha kupandisha picha kutambaa taratibu kutoka kushoto hadi kulia, kikajaa, kikatulia. Yaani bando limeshaliwa, picha imeshafika kwao, ndipo mlinzi wa getini anakumbuka kusema gari hili haliingii. Nikarudi nyuma ili niipunguze. Maelezo yote niliyoyaandika kwa kidole gumba hayapo. Kisanduku cheupeee.

Wenzangu wa maua mnajua kwa nini nimekasirika. Chungu kikiumwa huwezi kukieleza kwa maneno. Utasema majani ya katikati yamejikunja. Sawa, yamejikunja kwa nini? Maji yamezidi? Baridi? Mbolea? Utitiri? Anayejua anataka aone vinyweleo vya pale katikati vilivyosongamana, aone majani machanga yalivyodumaa na kukakamaa, ndipo aseme huo ni utitiri, kiondoe chungu hicho leo hii kabla hakijaambukiza vingine. Bila picha tunapiga ramli tu.

Sasa hiyo MB 2, maana wengi wanadhani ni amri iliyoteremshwa kutoka mbinguni. PHP, lugha ya programu ambayo ndiyo inayoendesha tovuti nyingi za aina hii, inakuja ikiwa imewekwa kwamba faili moja isizidi MB 2 na fomu nzima na vyote vilivyomo isizidi MB 8. Ni mistari miwili kwenye faili la mipangilio. Mwenye tovuti asipoigusa, itabaki hivyo mpaka kiyama. Na ukivuka ile MB 8 mambo yanakuwa mabaya zaidi: PHP haikatai picha peke yake, inatupa kila kitu, na programu iliyo nyuma yake inapokea fomu tupu. Ndiyo maana baadhi yenu mkipandisha picha nne kwa mpigo mnaambiwa "tafadhali jaza kichwa cha habari" ilhali mmekijaza na mnakiona kwa macho yenu. Hamjarogwa.

Haya, chukua simu ya kawaida. Kamera ya megapikseli 12 inatoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, na faili lake mara nyingi ni MB 3 hadi 5. Hizi za megapikseli 50 zilizojaa Kariakoo, ukipiga kwa ukubwa wake wote unaweza kuvuka MB 10 bila jasho. Kwa hiyo tovuti inayosema mwisho MB 2 inasema, kwa adabu zote, kwamba wenye simu wakae nje. Na huku kwetu simu ndiyo kompyuta. Kijana wa Muheza anayeishi jirani na msitu wa Amani, ambako ua hili linaota lenyewe kwenye miamba ya kivulini, ana simu na bando la wiki, basi. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, aliliokota ua hilo hilo Usambara, akamtumia baba yake mbegu Ujerumani, na mwaka uliofuata likapewa jina la ukoo wao. Mbegu zilifika Ulaya kwa meli karne ya kumi na tisa. Picha ya mmea wenyewe, karne hii, inakwama kwa sababu ya MB moja na nusu iliyozidi.

Mtaniambia, si upakue programu ya kupunguza picha? Nimeshapakua. Inanionyesha tangazo la kubeti, halafu tangazo la mkopo wa haraka, halafu inataka ruhusa ya kusoma namba zangu zote za simu, ndipo ipunguze. Wengine wanashauri upige picha ya skrini ya picha yako, kisha utume hiyo. Tumefika huko! Watu wazima tunapiga picha za picha ili seva ya mtu isisumbuke.

Kazi hii ni ya tovuti, na si kazi kubwa. Kivinjari cha simu kinaweza kuipunguza picha humo humo kwenye simu kabla baiti hata moja haijaondoka. Uwezo huo upo miaka mingi sasa. Ni mistari michache ya JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa na kivinjari chenyewe: ichukue picha, ichore upya ikiwa na upana wa pikseli 1600, ihifadhi kama JPEG ya ubora wa asilimia 80, itume. Kinachotoka mara nyingi ni chini ya MB 1, na kioo cha simu ya mtazamaji wala hakina hizo pikseli 4000 za kumwonyesha alichokosa. WhatsApp inafanya hivyo kila siku bila kumsumbua mtu. Mama yangu mkubwa ananitumia picha za mahindi yake kutoka Korogwe kwa mtandao wa kusuasua, na zinafika. Hajui megapikseli ni mdudu gani, na hakuna aliyewahi kumrudishia picha akamwambia, shikamoo mama, faili lako ni kubwa mno.

Nakubali, shingo upande, kwamba seva inalipiwa na kwamba wengi wa wenye tovuti hizi wanajitolea usiku baada ya kazi zao. Diski inajaa, sikatai. Lakini picha ikipunguzwa simuni diski inajaa polepole zaidi, kwa hiyo hoja yao inanisaidia mimi. Nakubali pia kwamba kuna wakati upunguzaji unaharibu: ukipunguza picha ya chungu kizima, vile vinyweleo vya katikati vinageuka ukungu. Basi wape watu nafasi ya kukata kipande wanachotaka kuonyesha kabla hakijapunguzwa. Simu zenyewe zinakata picha kwa vidole viwili.

Kuna wanaosema picha ziwekwe kwingine, tovuti ibaki na kiungo tu. Hao hawakuwepo mwaka 2017? Photobucket ilikaa miaka ikihifadhi bure picha za wapenda magari, wapenda samaki, wapenda maua, kisha katikati ya mwaka huo ikataka karibu dola 400 kwa mwaka kwa anayetaka picha zake zionekane kwenye tovuti nyingine. Mafunzo ya hatua kwa hatua, ya kuotesha mche kutokana na jani moja na mengine mengi, yakabaki maandishi yanayosema "kama unavyoona hapa chini", na hapa chini kuna kibandiko cha kukutaka ulipe.

Kuhusu vitufe: Apple wanapendekeza kitufe kisipungue pointi 44, Google wanasema 48, ninyi mmeweka "Futa" na "Hariri" vimebanana kama pacha. Visanduku vya kuandikia wekeni herufi za pikseli 16, iPhone iache kujikuza yenyewe kila ukigusa. HEIC, aina ya faili ambayo iPhone huhifadhia picha, iko kwenye simu hizo tangu 2017, ipokeeni.

Nimeacha jambo moja ambalo kwa kweli si la hasira. Picha ya simu, kama huduma ya mahali (GPS) imewashwa, inabeba ndani yake majira, yaani namba za ramani zinazoonyesha pale uliposimama. Ukiwa sebuleni kwako hilo ni lako na jirani zako. Lakini baadhi yetu tunapiga Saintpaulia za mwituni, na baadhi ya jamii zake ziko kwenye maeneo madogo sana, kama ile ya kilima cha Mbololo huko Taita. Wakusanyaji wapo, na mche uliong'olewa kwenye mwamba haurudi. iNaturalist, tovuti ambako watu huweka picha za mimea na wanyama waliowaona, wamelifikiria hili: viumbe walio hatarini wanafichiwa mahali halisi, umma unaonyeshwa eneo pana tu. Tovuti yetu inayokataa MB 3 kwa ukali wote huo, ikipokea picha ya MB 1.9 inaibandika na majira yake yote ndani, kwa yeyote anayejua kuyafungua.

Na dawa ni ile ile. Picha iliyochorwa upya ndani ya kivinjari inatoka bila majira, bila jina la simu, bila chochote zaidi ya ua. Kama mwenye tovuti hana muda wa kuandika mistari hiyo michache, basi leo hii abandike onyo juu ya kitufe cha kupandisha picha, watu wazime mahali kabla hawajaingia msituni. Na aliandike kwa herufi zinazosomeka bila mtu kukuza kioo.