Teraflopu Waachieni Mashabiki, Mimi Nionyesheni Memori

Kila kizazi kipya cha konsoli kikitoka, ubishi ni ule ule. Wa Xbox wanakutajia teraflopu 12 (mahesabu trilioni 12 kwa sekunde) za Series X, wa PlayStation wanajibu kwa kasi ya SSD, yaani hifadhi ya data, ya PS5, na wa Nintendo wanacheka pembeni, maana wao mashindano hayo walishayaacha kitambo. Sisi tunaoandika kodi (msimbo) ya gemu tunaanzia kwingine: memori ni kiasi gani, imepangwaje, na itanichukua muda gani mpaka nione kitu kwenye skrini?

Hakuna mahali tofauti hiyo ilionekana wazi kama kwa Xbox 360 na PS3. Xbox 360 ya 2005 ilikuwa na prosesa ya viini vitatu vinavyofanana, na megabaiti 512 za memori ambazo prosesa na chipu ya grafiki zilichota kwa pamoja. PS3 ilipokuja 2006 nayo ilikuwa na megabaiti 512, ila zimekatwa katikati: 256 za prosesa, 256 za grafiki. Ukijaza upande mmoja, nafasi iliyobaki upande wa pili haikuokoi kirahisi.

Halafu kulikuwa na Cell yenyewe, prosesa ya PS3. Kiini kikuu kimoja, pembeni yake prosesa ndogo ziitwazo SPE. Chipu ilikuwa nazo nane, moja ikazimwa kiwandani, nyingine ikachukuliwa na mfumo endeshi, gemu ikabaki na sita. Zilikuwa na kasi ya kutisha. Lakini kila SPE ilifanya kazi ndani ya kilobaiti 256 zake tu, kodi na data humo humo, kama fundi aliyepewa meza ndogo na kukatazwa kuinuka kwenda stoo. Tuseme unataka kusogeza mifupa ya wahusika mia. Unaikata data vipande vipande, unaagiza kipande cha kwanza kiletwe, na kikiwa kinashughulikiwa unaagiza cha pili, huku majibu yakirudishwa kwenye memori kuu. Ukisoma kabla kipande hakijafika, mkono wa mhusika unapinda upande usiojulikana, mara moja katika fremu (picha za mfululizo kwenye skrini) elfu, na kamwe si wakati unapoitafuta hitilafu.

Yote hayo lazima yaishe ndani ya milisekunde 33 kama unataka fremu 30 kwa sekunde. Ndiyo maana gemu nyingi zilizotolewa kwa mashine zote mbili zilikwenda vizuri zaidi kwenye 360, ingawa PS3 ndiyo iliyokuwa ikipigiwa debe kwa nguvu. Nguvu ilikuwepo kweli. Naughty Dog, studio ya Sony, waliitoa kwenye gemu yao The Last of Us mwaka 2013, PS3 ikiwa inakaribia kustaafu. Studio kama hiyo ina muda wa kuichimba mashine moja. Wengine hatuna.

Mark Cerny, msanifu mkuu wa PS4, alilielewa hili kuliko mashabiki wake. Alikuwa akipima muda ambao timu inahitaji kuizoea mashine mpya kabla ya kuanza kazi yenye tija: PS1 mwezi mmoja au miwili, PS2 miezi mitatu hadi sita, PS3 sita hadi kumi na miwili. Kwa PS4 aliurudisha kwenye mwezi mmoja au miwili. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha konsoli, na sijawahi kukiona kwenye boksi la dukani.

Mwaka huo wa 2013 mambo yakageuka, Microsoft ndio wakaleta fumbo. PS4 ilikuwa na gigabaiti 8 za memori ya kasi aina ya GDDR5, zinazopitisha gigabaiti 176 kwa sekunde, basi. Xbox One nayo ilikuwa na 8, lakini za aina ya polepole zaidi, DDR3, gigabaiti 68 kwa sekunde, na kando yake kijisehemu cha memori chenye kasi cha megabaiti 32. Piga hesabu: tabaka moja la picha ya 1080p (pikseli 1920 kwa 1080) lenye baiti nne kwa kila pikseli ni takriban megabaiti 8. Injini inayotumia tabaka nne imeshajaza, na kina cha picha (taarifa ya kipi kiko mbele na kipi nyuma) bado hakijapata pa kukaa. Hapo ndipo 900p, picha yenye pikseli chache zaidi, ilipotoka kwenye gemu nyingi za Xbox One.

Siku hizi PS5 na Series X zinafanana mno kiasi kwamba ubishi wake unanichosha. Tatizo langu ni Series S, mdogo wake Series X. Teraflopu zake 4 hazinisumbui, unapunguza pikseli mambo yanakwenda. Kinachouma ni gigabaiti 10 za memori pale kaka yake anapokuwa na 16. Gemu ya Baldur's Gate 3 ilifika PS5 Septemba 2023, lakini Xbox ikasubiri hadi Desemba, na kwenye Series S ikaja bila uwezo wa watu wawili kugawana skrini. Kuna waliowaita Larian, studio iliyoitengeneza, wavivu. Jamani! Wachezaji wawili wakiachana njia, sehemu mbili za dunia lazima zikae kwenye memori kwa pamoja, na hilo halipungui kwa kushusha ubora wa picha. Kipengele hicho kiliongezwa Aprili 2025. Ningekuwa na mradi wa mashine zote leo, Series S ingekaa mezani kwangu tangu wiki ya kwanza, na Series X ningeiwasha baadaye.