Tusiulaumu Upepo, Tuulize Nani Ataiwasha Gridi

Alasiri ya tarehe 28 Septemba 2016, dhoruba iliangusha minara ya njia kuu za umeme katika jimbo la Australia Kusini, na wateja wapatao 850,000 wakabaki gizani. Kwa kuwa mashamba kadhaa ya upepo, yaani ya mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo, yalipunguza uzalishaji ghafla, kutokana na namna yalivyopangwa kujilinda, wanasiasa hawakukawia kupata wa kumlaumu. Kwa maoni yangu, jambo zito zaidi lilitokea katika saa zilizofuata.

Gridi, yaani mtandao mzima wa umeme, ikizimika yote haiwashwi kwa kubonyeza swichi. Kituo kikubwa cha gesi au makaa huhitaji umeme wa kuendesha pampu na feni zake kabla hakijazalisha chochote, hivyo lazima uwepo mtambo unaoweza kujiwasha bila msaada, ukiamshe kituo kinachofuata, kisha wateja warudishwe kwa mafungu huku masafa ya umeme, yaani idadi ya mizunguko yake kwa sekunde, yakichungwa yasiyumbe mbali na hezi 50. Australia Kusini ilikuwa imeilipia mitambo ya namna hiyo katika vituo viwili, na siku ya haja haikutimiza kazi yake. Umeme ulirudi kupitia njia ya Heywood inayotoka jimbo jirani la Victoria. Mitambo hiyo iliyoshindwa ilikuwa ya gesi, si ya upepo.

Hata hivyo, siwatetei wapenzi wa jua na upepo kupita kiasi. Vigeuza umeme vingi vya mashamba hayo, yaani vifaa vinavyobadili umeme wake ufae gridi, ni kama waitikiaji: bila kiongozi wa kuanzisha wimbo, hunyamaza. Vipo vya kisasa, hasa kwenye betri kubwa, vinavyoweza kuanzisha wenyewe, ila vinapaswa kuagizwa na kulipiwa mapema.

Kenya ilipozimika karibu yote tarehe 25 Agosti 2023, nasi tulibishana kuhusu shamba la upepo la Turkana. Ilhali tuna mabwawa ya Mto Tana, na mtambo wa maji huhitaji umeme mdogo sana ili uanze kuzunguka. Kadiri jua na upepo vinavyoongezeka, thamani ya mabwawa hayo isipimwe kwa uniti zinazouzwa pekee. Uwezo wa kuifufua gridi nao ulipiwe, ujaribiwe kwa vitendo kila mwaka, na tarehe ya jaribio la mwisho, pamoja na matokeo yake, itangazwe kwa wananchi.