Kona ya Pindo na Raha ya Mchoraji

Wapo wanaoamini kwamba furaha ya mbunifu ni jambo la pembeni, la kuonewa haya mbele ya mteja anayelipa na anayeidai kazi yake kwa wakati. Mimi naiona kuwa sehemu ya kazi yenyewe, na ushahidi wangu ni kanga, kitambaa ambacho wengi wetu tulibebwa nacho mgongoni kabla hatujaweza kulisoma jina lake, yaani msemo ulioandikwa juu yake.

Kanga ina masharti magumu: pindo pande zote nne, mji katikati, na jina kwenye kisanduku chake chini ya mji. Rangi nazo huwa chache. Asiyeifurahia kazi hujaza nafasi hizo kama anayejaza fomu, ilhali anayeifurahia huanza kuyachezea masharti yenyewe.

Itazame kona ya pindo. Hapo ndipo michoro inayojirudia, tuseme korosho, inapolazimika kugeuka kutoka upande mrefu kwenda upande mfupi. Mchoraji mwenye haraka huikata korosho katikati, wala hakuna mnunuzi atakayerudisha doti dukani kwa kosa hilo. Mwingine huichora kona nzima upya, akailaza korosho mshazari, au akaweka ua moja linalozipokea pande zote mbili. Haongezewi hata senti. Anafanya hivyo kwa kuwa tatizo lenyewe limemnogea, na sidhani kama kuna msimamizi anayeweza kumlazimisha mtu kufika hapo.

Kwenye jina, raha hiyo huonekana wazi zaidi. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza Mombasa mwaka 1887 na ambalo leso zake hutambulika kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", limejijengea sifa kwa majina pia, si kwa michoro tu. Chukua msemo kama "Japo sipati tamaa sikati": haijulikani kama anayeambiwa ni mpenzi, mdaiwa au Mola, na aliyeuchagua bila shaka alitabasamu. Linganisha na kanga za makongamano, zenye nembo kwenye mji wa kanga na kaulimbiu iliyopitishwa na kamati, ambazo nyingi huvaliwa siku ya shughuli kisha zikageuzwa madekio.

Lakini mchoraji anaweza pia kujifurahisha peke yake, akarembesha herufi hadi jina lisisomeke. Kanga hutazamwa ikiwa imefungwa kiunoni au imetandwa mabegani, imekunjamana, na mvaaji anatembea. Kwa hiyo ningependa mchoro usiidhinishwe kwenye skrini ya kompyuta pekee; ichapwe sampuli, mchoraji apewe nafasi ya kumfunga mtu kanga hiyo, amzunguke, na aruhusiwe kubadilisha mawazo hata kama mteja alikwisha kuridhika.