Kumpima mfanyakazi wa mtandaoni kwa nchi yake

Kwenye matangazo ya kazi za mtandaoni si ajabu kukuta mstari wa mwisho unaotaja nchi ambazo watu wake wasijisumbue kuomba. Nigeria hutajwa, India na Pakistan hutajwa, na Kenya nayo imeingia kwenye orodha. Wateja wengine hawaandiki chochote, wanachuja kimyakimya. Upwork, jukwaa la kuwakutanisha wateja na wafanyakazi wa mtandaoni, humruhusu mteja wa Marekani kuweka kazi itakayoonekana na wakazi wa Marekani peke yao, na kijana wa Nakuru au Mwanza mwenye ujuzi uleule hajui hata kwamba kazi hiyo ilikuwepo.

Watu wetu wengi huliita jambo hili ubaguzi, wakaishia hapo. Mimi pia naona ni ubaguzi. Ila tukiishia hapo hatutaielewa hofu ya mteja, na hofu tusiyoielewa hatuwezi kuijibu.

Mteja anamwajiri mtu asiyemwona, aliye chini ya sheria za nchi nyingine. Kazi ya dola 300 ikiharibika, kwenda mahakamani nje ya mpaka hakuna maana, kwa sababu wakili peke yake atagharimu zaidi ya hizo. Pia hana uhakika kwamba aliyemhoji kwenye video ndiye anayeifanya kazi. Hofu hii haikutoka hewani. Biashara ya akaunti ipo, na nchini Kenya inajulikana vizuri: akaunti yenye nyota tano na historia safi huuzwa au kukodishwa, kisha mnunuzi huingia kwa VPN, programu inayoficha mahali alipo, ili aonekane yuko kwingine. Mteja anadhani amemwajiri mtu mwenye uzoefu wa miaka kadhaa, kumbe aliyeko nyuma ya jina hilo ameanza juzi.

Halafu kuna uandishi wa insha za vyuo. Kwa miaka mingi vijana wengi wa Kenya, wengi wao wahitimu waliokosa ajira, wamekuwa wakiwaandikia kazi wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia. Australia ilipitisha sheria ya kupiga marufuku huduma hizo mwaka 2020, na Uingereza ikaziharamisha kwa upande wa England mwaka 2022. Lakini tuangalie doa limemwangukia nani. Udanganyifu ule una pande mbili, na anayeuanzisha, anayelipa na kupokea shahada isiyo halali yake, ni mwanafunzi wa huko. Hakuna mwajiri anayeandika kwenye tangazo kwamba wahitimu wa vyuo vya London wasiombe. Aliyeuza anabeba jina baya pamoja na nchi yake nzima, aliyenunua anabaki mtu mmoja aliyekosea.

Hapo ndipo ninapoachana na hoja ya mteja. Hofu yake ni ya kweli, ila kipimo chake ni kibovu. Mwaka 2025 mahakama ya Marekani ilimhukumu mwanamke wa Arizona kifungo cha miezi 102 kwa kuwasaidia wataalamu wa kompyuta wa Korea Kaskazini kupata ajira za mbali katika kampuni zaidi ya 300, wakitumia utambulisho wa Wamarekani ulioibwa. Kompyuta za kampuni zilipokelewa nyumbani kwake na kuwashwa humo, ili ionekane kwamba mfanyakazi yuko Marekani. Wapelelezi walipofika walichukua zaidi ya kompyuta 90. Mpango huo uliingiza zaidi ya dola milioni 17. Waajiri hao walionyeshwa anwani ya Marekani, jina la Marekani na namba ya Marekani, yaani kila kitu ambacho kichujio cha nchi hukitafuta. Tapeli mwenye nia na fedha hununua anwani. Anayezuiwa na kichujio ni yule aliyeandika ukweli kwamba anaishi Kisumu.

Na huyo aliyezuiwa hufanya nini? Wengi huondoka, lakini wapo wanaojifunza kwamba ukweli hauwalipi. Mtu anatuma maombi mwezi mzima, kila ombi la Upwork likikatwa vitengo vya kuombea kazi (Connects) vinavyonunuliwa kwa senti 15 za dola kimoja, bila kujibiwa. Mwenzake anamwonyesha akaunti ya kukodi yenye anwani ya Texas. Sisemi kwamba ni sawa. Nasema kizuizi kile kinazalisha udanganyifu uleule kinachodai kuuzuia, kisha kila akaunti inayonaswa inakuwa ushahidi mpya dhidi ya nchi.

Utafiti unaonyesha njia bora zaidi. Ajay Agrawal, Nicola Lacetera na Elizabeth Lyons, katika makala yao ya mwaka 2016, walichunguza takwimu za oDesk, jukwaa ambalo baadaye liliungana na Elance na kuwa Upwork. Waliona kwamba waombaji wa nchi maskini walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kuajiriwa, lakini historia ya kazi iliyothibitishwa na jukwaa iliwainua kuliko ilivyowainua wa nchi tajiri. Kwa maneno mengine, mteja akipata taarifa ya kuaminika kuhusu mtu, uzito wa nchi unapungua. Amanda Pallais naye aliwaajiri watu 952 kwenye jukwaa hilohilo kwa kazi fupi ya kuingiza data, akawaandikia tathmini. Wale wasiokuwa na uzoefu walipata kazi zaidi na malipo makubwa zaidi baada ya hapo. Kazi moja ndogo na neno la mteja mmoja vilitosha kuwafungulia mlango.

Kwa hiyo mteja anayetaka kujilinda ana zana. Anaweza kutoa kazi ndogo ya majaribio, ailipie, na fedha za kazi kubwa zishikiliwe na jukwaa hadi kila hatua ikamilike. Ni kazi zaidi kuliko kubofya kichujio, nakubali. Tukumbuke pia kwamba mfanyakazi ana hofu yake, ambayo haiwekewi kichujio. Mteja hutoweka baada ya kupokea faili. Majukwaa nayo huondoka: Remotasks, jukwaa jingine la kazi za mtandaoni, ilifunga milango yake kwa Wakenya Machi 2024, na waliokuwa wakiitegemea hawakuwa na wa kumuuliza.

Upande wetu kuna kazi pia. Tuache kumwita mwenye kukodisha akaunti mjanja, maana anauza jina la kila atakayeomba kazi baada yake. Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016, na vijana wengi wamefundishwa kuandika, kunukuu sauti na kuingiza data. Mafunzo hayo yanamfikisha mtu mlangoni bila historia, na historia ndiyo inayotafutwa. Kaunti, benki na vyuo vyetu vina nyaraka nyingi za kuingiza kwenye kompyuta na kumbukumbu nyingi za mikutano za kuandikwa. Sehemu ndogo ya kazi hizo ikitolewa kupitia majukwaa yaleyale, kwa malipo halali na tathmini ya kweli, kijana wa Nakuru ataomba kazi ya Ohio akiwa na jina lake mwenyewe na kazi tatu zilizokamilika chini yake.