Saa Saba za Kufika New York

Kosa lilianzia kwenye tiketi ya dada yangu. Iliandikwa: kuondoka Nairobi 23:25, kufika New York 06:25. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia kwa uhakika. Saa saba! Nikashuka nazo hadi barazani Mkunguni, hapa Lamu, mbele ya Ngome, nikawatangazia wazee kuwa New York siku hizi ni kama Mombasa. Basi la kutoka Mokowe likikwama kidogo njiani, ndege inatangulia.

Mzee mmoja, baharia wa zamani, akauliza, "Na jua la huko?"

"Jua ni moja, mzee wangu."

Ilikuwa Januari. Tulimvusha dada kwa boti hadi Manda, akapanda ndege ya Nairobi. Mama alitaka kujua jambo moja tu: atatua saa ngapi. "Saa kumi na mbili na nusu alfajiri," nikamwambia, "kabla mahamri hayajaiva."

Mahamri yakaiva. Simu haipatikani. Saa moja nikasema yuko kwenye foleni ya pasipoti. Saa mbili nikasema foleni ya Marekani ni ndefu. Saa tatu sikuwa na la kusema, na mama akashika tasbihi.

Khalati, dada yake mama, akaingia, akamtazama mama usoni, akatoka mbio. Vichochoro vya Lamu ni vyembamba, lakini habari haigongani na punda. Kufikia saa tano mikeka imetandikwa, akina mama wamejaa ukumbini, Yasini inasomwa, jirani ameteleka sufuria ya wali kwa mjomba. Watu wananipa mkono: "Mola awape subira." Naitikia amina. Nililia pia, na nilisifiwa.

Mpwa wangu wa darasa la saba ndiye aliyenivuta kando na daftari lake.

"Mjomba, Nairobi hadi New York ni kama kilomita 11,800. Ukigawanya kwa saa saba, ndege inakwenda karibu kilomita 1,700 kwa saa. Hiyo inaishinda hata sauti. Ndege ya abiria ya kasi hiyo ilikuwa Concorde, nayo imestaafu tangu 2003."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo 06:25 ni saa ya kwao. Wako nyuma yetu saa nane. Safari ni saa kumi na tano. Bado yuko angani."

Nilimwomba anyamaze hadi wali uliwe.

Saa nane na nusu mchana simu ikalia. Mama akaiweka kwenye spika, ukumbi mzima kimya.

"Mama, tumetua sasa hivi! Huku hata hakujapambazuka. Mbona nasikia watu wengi, nani amefariki?"

Macho yote yakanigeukia. Mlangoni alikuwepo yule baharia, amekuja kutoa pole, sahani ya wali mkononi. Akatafuna polepole, akameza.

"Jua ni moja," akasema, "mzee wangu."