Norwei Hawana Mama Mwenye Nyumba

Wameileta tena. Ile video ya Oslo, magari yanapita kimya, barabara safi mpaka unaona aibu kwa niaba ya barabara yako, na chini maandishi: "Norwei magari tisa kati ya kumi ni ya umeme. Sisi tunakwama wapi?" Imetumwa kwenye grupu la ukoo alfajiri, na mjomba ambaye mchango wa harusi hajautuma mpaka leo.

Tisa kati ya kumi ya magari mapya, mjomba. Mwaka 2024 asilimia 88.9 ya magari mapya yaliyouzwa Norwei yalikuwa ya umeme mtupu, na magari mapya yenyewe nchi nzima hayakufika 130,000. Ukihesabu yaliyoko barabarani, ilibidi wasubiri mpaka Septemba 2024 ndipo ya umeme yakayapita ya petroli, kwa mamia tu, na hapo dizeli bado ilikuwa imeyaacha yote mawili.

Na hawakuanza jana. Mwaka 1989 wanamuziki wa bendi ya a-ha na mwanaharakati Frederic Hauge waliingiza Fiat Panda iliyogeuzwa kuwa ya umeme, wakawa wanakatiza vituo vya tozo bila kulipa. Gari linakamatwa, linapigwa mnada, wanalinunua wenyewe kwa bei ya kutupa, wanarudi kukatiza. Ajaribu mtu hilo pale daraja la Kigamboni tuone. Kule serikali ilifuta kodi ya ununuzi kwa magari ya umeme mwaka 1990, ikaondoa tozo mwaka 1997, na mwaka 2001 ikaondoa VAT. La petroli likaachwa na mzigo wake wote wa kodi. Kwa hiyo Mnorwei hakuhitaji kupenda mazingira. Alihitaji kujua hesabu ya kutoa.

Ujerumani walijaribu kwa ruzuku. Desemba 2023 bajeti ikabana, wakaifuta ghafla, na mauzo ya mwaka uliofuata yakaanguka kwa zaidi ya robo. Tajiri naye kumbe anangoja ofa.

Ethiopia hawakubembeleza mtu. Januari 2024 walizuia kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli, kwa sababu dola za mafuta zinawatoa jasho na umeme wa maji wanao. Usinishauri nikachukue la kwao: wanaendesha kulia, usukani uko upande usiotuhusu.

Sisi tunanunua mitumba ya Japani. Sasa Japani yenyewe magari mapya ya umeme mtupu hayafiki asilimia tatu ya mauzo, maana yake kapu tunalochagulia lina Nissan Leaf, Leaf nyingine, na Leaf ya rangi tofauti. Za mwanzo zina betri ya kilowatisaa 24 isiyo na mfumo wa kupoozwa. Inapoa kwa upepo na dua. Kwenye dashibodi kuna vistari vinene vinavyoonyesha chaji, na pembeni yake vyembamba 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Muuzaji atakuonyesha vinene. Wewe hesabu vyembamba. Cha kwanza kikipotea ujue asilimia 15 ya uwezo imekwenda, na kila kinachofuata ni asilimia sita na kidogo. Wapo wanaoifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vistari vyote vinarudi, na baada ya wiki kadhaa vinaanza kuondoka tena kimoja kimoja. Nunua kifaa cha OBD cha blututhi, kile kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake, weka programu ya LeafSpy kwenye simu, soma mwenyewe, na muuzaji akinuna mwache anune.

Haya. Umepata yenye vistari vinane, umelipa ushuru wa forodha, umelipa VAT, umelipa na ule wa uzee wa gari. Umefika nyumbani jioni. Nyumba ya vyumba sita, LUKU moja, na mama mwenye nyumba ameketi kibarazani anachambua mchele.

"Baba Shamimu, hiyo kamba inayotoka dirishani kwako inakwenda wapi?"

"Ni chaja, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Chaja ya nini?"

"Ya gari, mama."

Sinia la mchele linawekwa chini. Taratibu. Wapangaji wenye akili wanaingia ndani na kupunguza sauti ya redio.

"Gari linachaji. Kwenye LUKU hii hii. Ambayo Mwajuma ana taa moja na redio, na anachanga elfu kumi sawa na wewe."

Hapo usilete habari za Oslo. Lete hesabu, ingawa haitakusaidia. Betri ya vistari vinane imebakiwa na kilowatisaa kama 14 za kutumia. Ongeza umeme unaopotea njiani wakati wa kuchaji, mita itasoma uniti 16. Uniti kwa bei ya kawaida ni shilingi 356 kwa kukadiria, kwa hiyo elfu kumi ya Mwajuma imetoa uniti 28, na gari limekula zaidi ya nusu kwa usiku mmoja. Umeme wa shilingi 5,700 unakupeleka kilomita 90. Gari dogo la petroli lingetaka lita saba na nusu, piga mwenyewe kwa bei ya leo. Ni nafuu kubwa mno! Ila nafuu ni yako na LUKU ni ya watu sita.

"Mama, nitafunga mita ndogo ya pembeni, nilipe ninachotumia."

"Mwenye pasi naye alisema hivyo hivyo. Yuko wapi leo?"

Hayupo. Alihamia Mbagala.

Na ukidhani umeshamaliza, kile kiboksi cha kwenye waya wa chaja kinawasha taa nyekundu. Kimepima ethi, yaani waya wa kushusha umeme ardhini, hakijaiona. Kiboksi hakina ubishi wala hakipokei soda: hakuna ethi, hakuna chaji. Wanorwei nao yaliwakuta, kwa sababu sehemu kubwa ya gridi yao haina waya wa nyutro, tofauti na yetu, na Renault Zoe za mwanzo ziligoma kuchaji kule. Wao waliita wahandisi. Wewe unaita fundi.

Fundi anafika, anatazama, anacheka. Ethi ya nyumba ni waya wa kijani ulioingia ukutani na haukutokea popote. Dawa yake ni nondo ya shaba ya mita moja na ushee, ipigwe chini penye unyevu, ifungwe kwa klempu, ipimwe. Fundi hana cha kupimia. Ana chumvi na mkaa, na ana imani.

Kisha plagi. Waya wa Leaf ya Japani unavuta ampia 15, soketi yetu ni ya ampia 13, na gari halichaji dakika kumi, linachaji saa nne, saa tano mfululizo. Fyuzi inaungua. Fundi anaitoa, anaweka kipande cha waya, anakupa mkono wa pongezi. Saa sita usiku plagi imelainika, ukuta unanuka, na mama mwenye nyumba anaita jina lako la kwenye kitambulisho. Kinachotakiwa ni laini yake peke yake kutoka kwenye breka: waya wa milimita 4 za mraba, breka ya ampia 20, RCD ya miliampia 30 ya kukata umeme ukivuja, na soketi ya bluu ya viwandani. Si ekstensheni iliyokunjwa chini ya zulia! Ekstensheni iliyokunjwa inapata joto, jamani, mara ngapi tutasema?

Kule Norwei sheria inampa mwenye fleti haki ya kufunga chaja kwenye maegesho yake, na bodi ya jengo ikikataa lazima itoe sababu ya msingi. Mama mwenye nyumba sababu anayo. Ameitoa, imesikika mpaka msikitini.

Afadhali magari ya Kichina, wanasema. Sawa, ila angalia tundu la kuchajia: yaliyotengenezwa kwa soko lao yana mdomo wa GB/T, na chaja ya mdomo wa Ulaya haiingii hata ukiisukuma kwa goti.

Afadhali pikipiki basi. Kigali tangu Januari 2025 hawasajili pikipiki mpya ya abiria isipokuwa ya umeme. Nairobi unabadilisha betri kituoni unaondoka, ila betri ya kampuni hii haiingii kwenye pikipiki ya kampuni ile. Mimi sina ugomvi nazo, ugomvi wangu ni ule ukimya. Bodaboda ya petroli ikipanda kwenye njia ya waenda kwa miguu unaisikia, unaruka, unatukana. Ya umeme unaijua ikiwa imeshapita na mfuko wako wa nyanya.